Kutambua Kazi ya Zana ya Zamani Usiyoijua: Mwongozo Kamili

Wengi wanaokwama na zana ya zamani hukwama kwa sababu ya mpangilio wa kazi. Huisugua kwanza mpaka ing'ae, huipiga picha moja, kisha huanza kutafuta kitu kinachofanana nayo. Kufanana kwa umbo ni shahidi dhaifu. Koleo la sonara, la fundi saa na la daktari wa meno yanaweza kuwa na umbo lile lile, tofauti ikawa milimita mbili tu za taya.

Mwongozo huu unaanza upande wa pili. Tunatafuta kazi kwanza: zana ilishikwa wapi, iligusa nini, na nguvu ilipita njia gani kutoka mkononi hadi kwenye ncha. Jina tunaliacha mwisho. Kuna kanuni moja inayotawala hatua zote: jibu lisiloeleza kila sehemu ya zana bado si jibu. Pengo moja, tundu moja au kibonye kimoja kikibaki bila kazi, endelea kutafuta.

## Vitu vya kuandaa

- Tochi yenye mwanga mwembamba
- Kioo cha kukuzia, mara 10 hivi
- Rula ya chuma yenye milimita na inchi. Kalipa (kifaa chenye taya cha kupimia unene na kipenyo) ikiwapo ni bora zaidi
- Mizani ndogo inayosoma gramu
- Sumaku ndogo
- Tupa ndogo iliyochakaa kidogo
- Chaki, karatasi nyembamba na penseli laini
- Udongo wa kufinyangia, kiasi cha ngumi moja
- Mswaki mkavu, glavu na miwani ya kukinga macho
- Daftari

Msasa, brashi ya waya, siki na dawa za kuondoa kutu visiwe mezani kabisa. Vikiwa karibu utavitumia.

## Hatua ya 1: Iache na uchafu wake

Uchafu ulioganda ni ushahidi, na ukishaondoka haurudi. Kagua ncha, mifuo na maungio kwa kioo cha kukuzia kabla ya kupangusa chochote.

Matone ya rangi ya fedha iliyofifia, laini kiasi cha kuchubuka kwa kisu, yanaelekeza kwenye kazi ya risasi (ile metali laini, si ya bunduki) au ya kuunganisha kwa bati. Chokaa au saruji iliyojificha kwenye kona inaelekeza kwenye uashi. Nta inaelekeza kwenye ngozi na uzi. Lami pamoja na nyuzi zilizonasa kwenye mfuo wa ncha zinaelekeza kwenye kukalafati chombo, yaani kuziba nafasi kati ya mbao za chombo cha majini. Wino mweusi uliokauka kwenye pembe ndogo unaelekeza kwenye uchapaji.

Piga picha pande zote sita, rula ikiwa kando. Kisha piga ncha kwa karibu, mpini kwa karibu, na kila alama unayoiona hata kama huisomi.

Tahadhari. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Usiikwangue ikiwa kavu, na nawa mikono ukimaliza. Kitu chenye umbo la kombora, silinda iliyozibwa, au chombo chenye unga usioujua si cha kuchunguza mezani. Kiache kilipo, sogea mbali, waite polisi.

Hatua hii imekamilika ukiwa na picha zisizopungua nane na mistari michache daftarini kuhusu kila kilichoganda na mahali kilipoganda. Mahali ni muhimu kuliko kitu chenyewe: rangi iliyomwagikia mpini haisemi chochote, ila rangi iliyo ndani ya taya inasema.

## Hatua ya 2: Pima kila kitu, hata kisichoonekana cha maana

Andika urefu wote, urefu wa mpini peke yake, upana na unene wa ncha, kipenyo cha kila tundu, na nafasi inayobaki kati ya taya zikifungwa kabisa. Kisha uzito.

Vipimo vinakuambia mambo mawili. La kwanza ni mkono. Kiganja cha mtu mzima kina upana wa sentimita 8 hivi, kwa hiyo mpini mfupi zaidi ya hapo ulishikwa kwa vidole, ulikaa ndani ya kiganja, au haukuwa mpini. La pili ni mfumo wa vipimo. Ukipata 6.35, 12.7 au 19.05, hizo ni robo, nusu na robo tatu ya inchi (inchi 1 ni milimita 25.4), na zana ilitengenezwa kwa vipimo vya inchi.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Umeokota spana iliyopigwa chapa 1/2, lakini ukipima mdomo wake unapata milimita 23.4 hivi, si 12.7. Haijaharibika, wala haikuchongwa upya. Ni spana ya mfumo wa Whitworth, uliopendekezwa Uingereza mwaka 1841, ambao namba yake hutaja kipenyo cha bolti, si upana wa kichwa cha nati. Herufi W, au BS ikiwa na namba nyingine kando, ndiyo inayothibitisha. Namba isiyolingana na kipimo isikukatishe tamaa. Jiulize inapima nini.

## Hatua ya 3: Jua imetengenezwa kwa nini

Weka sumaku kwenye kila sehemu, maana zana nyingi ni za metali mbili.

Isiponasa na metali ikawa ya manjano au nyekundu, ni shaba au mchanganyiko wake. Nyundo na spana za shaba ziliwekwa mahali penye mvuke unaowaka au baruti, kwa kuwa hazirushi cheche kirahisi. Nyundo za shaba pia hutumika kugonga chuma kilichonyoshwa bila kukitia alama.

Ikinasa, angalia kama ni chuma cha kumimina au cha kufua. Chuma cha kumimina huwa na mstari mwembamba ulioinuka pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na ukikipata kimevunjika, sehemu iliyovunjika huwa ya kijivu yenye chembechembe. Chuma hicho ni kigumu lakini hupasuka. Kwa hiyo zana ya kumimina karibu kamwe haikupigwa kwa nyundo, na ukilifuta hilo umeshafuta nusu ya makisio.

Sasa tupa. Iguse taratibu sehemu isiyoonekana sana. Tupa ikiteleza bila kung'ata, chuma kimetiwa ugumu, na hapo ndipo palipofanya kazi. Iking'ata kirahisi, sehemu hiyo ilishikwa, ilipigwa, au ilibeba tu. Patasi nzuri huonyesha yote mawili: ncha inakataa tupa, kichwa kinakubali.

Zana za mbao ngumu tupu, zisizo na makali, zina familia yake. Koni ya mbao laini kwa mguso, ya kama urefu wa kidole, ilitumiwa na mafundi bomba kutanulia mdomo wa bomba la risasi. Kipande cha mbao chenye uso bapa na mpini uliochongwa pamoja nacho kilinyoosha mabati ya risasi. Risasi ni laini mno. Nyundo ya chuma ingeiumiza.

## Hatua ya 4: Fuata njia ya nguvu

Shika zana kwa kila namna inayowezekana, polepole, na uangalie namna mpini ulivyoungwa. Muungano hausemi uongo, kwa sababu uliotengenezwa vibaya ungevunjika siku ya kwanza.

Mkia mwembamba uliochomekwa kwenye mbao. Nguvu ni ya kusukuma au kuvuta kwa mkono. Ukipiga kwa nyundo, mkia utapasua mpini. Lakini kukiwa na bega nene la chuma pale mbao inapoanza, na pete ya chuma kwenye kitako, ilipigwa.

Kikombe cha chuma kinachopokea mbao ndani yake. Ilipigwa, na kwa nguvu.

Tundu la mpini linalopita katikati ya kichwa. Iliinuliwa na kushushwa kwa nguvu kama shoka, tezo au nyundo. Makali yakiwa sambamba na mpini ni jamaa ya shoka; yakikingama ni jamaa ya tezo na jembe.

Mipini miwili, mmoja kila upande wa bapa. Ilivutwa kuelekea kifuani au ilisukumwa mbele. Angalia makali yako upande gani wa mipini, na kama yana ukali kweli. Bapa la mipini miwili lenye makali butu lilikuwa la kukwangua ngozi mbichi, si la kuchonga mbao.

Mpini unaokingama kama herufi T. Kuzungusha.

Kitako cha mviringo, bapa upande mmoja, na chuma kifupi chembamba. Kilikaa kiganjani, kikasukumwa kwa kiganja huku kidole kikiongoza. Ni zana ya kuchora kwenye metali. Ule ubapa ni wa kukiwezesha kulala chini karibu na kazi.

Hakuna mpini kabisa, ila mkia wa mraba unaopungua kuelekea chini. Huu ndio mtego mkubwa. Watu huhangaika wakijaribu kuushika, kumbe haukushikwa na mtu. Ulichomekwa kwenye tundu la mraba la fuawe, kwenye benchi la fundi bati, au kwenye mdomo wa keekee. Kwenye fuawe au benchi, kazi ililetwa kwake.

Ukiona zana inakuumiza mkono kila namna unayoishika, acha kuilazimisha. Huenda ilisimama peke yake, ni nusu ya jozi (ya juu hupigwa, ya chini hukaa kwenye fuawe), au ni kipande cha mashine. Dalili za kipande cha mashine ni sehemu zilizochongwa laini kwa mashine wakati nyingine zimeachwa mbichi, matundu ya bolti, na namba ndefu iliyoinuka kwenye chuma cha kumimina bila jina lolote.

## Hatua ya 5: Soma ncha

Hapa ndipo kazi inapojulikana. Tumia muda.

Kama ina makali, tazama mteremko wa makali kwa ubavu. Mteremko pande zote mbili hupasua: kisu, shoka la kuni. Mteremko upande mmoja huacha uso ulionyooka upande wa pili: patasi, randa, tezo. Kuna shoka ambalo ubavu mmoja umenyooka kabisa na mpini umepinda kidogo kando. Aliyelishika alikuwa akichonga ubavu wa gogo liwe bapa, na mpini umepinda ili vidole visikwaruzwe. Anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani mpini umekosewa.

Kisu chenye ncha iliyokunjwa kama ndoana ni cha kwato. Ule mkunjo huchimba mifuo ya chini ya kwato mahali bapa lililonyooka lisipofika.

Kama inafanana na patasi lakini haikati, usikimbilie kusema imechakaa. Pima unene wa ukingo. Ukingo wenye unene wa milimita chache, ulionyooka, wenye mfuo mmoja au zaidi unaokimbia kwa urefu wake, na bapa linalotanuka kama kipepeo kutoka kwenye shina la mviringo: hiyo ni chembeu ya kukalafati. Mfuo unashika nyuzi ili zisiteleze zinapopigwa kuingia kati ya mbao za chombo. Ukingo butu ni wa makusudi, kwa sababu makali yangezikata nyuzi. Wengi huipeleka kwenye jiwe la kunolea, na hapo wanakuwa wameiua. Chembe za lami ulizoziandika kwenye hatua ya 1 sasa zina maana.

Kama ni taya, zifunge kabisa na uangalie mwanga unaopita. Taya zisizokutana zilitengenezwa kwa kitu chenye unene maalumu, na ule unene ndio jibu. Taya zenye springi ya kuzifungua zenyewe zilifanya kazi ya kurudiwarudiwa kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukilisha kitu. Koleo lenye kipini kinachosukumwa mbele ukibana mikono, kikigonga kigurudumu chenye namba ukingoni, ni la kupinda meno ya msumeno kushoto na kulia. Namba zile ni idadi ya meno kwa inchi.

Kama ni bamba lenye matundu mengi, usiseme tu "ni kipimo". Kuna zana tatu tofauti kabisa zenye sura hiyo, na kioo cha kukuzia kinazitenganisha kwa dakika moja:

- Matundu yanayopungua kwa mpangilio, kila moja likiwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili: ni bamba la kuvutia waya. Waya huingizwa upande mpana na kuvutwa uwe mwembamba.
- Matundu yenye hesi (mifuo inayozunguka kama ya skrubu) ndani yake: ni bamba la kukata hesi kwenye bolti na skrubu.
- Mapengo ukingoni, kila moja likiishia kwenye tundu la mviringo, na namba kando: hicho ndicho kipimo, cha waya au cha bati. Kinachopima ni pengo. Tundu la mviringo halipimi kitu. Na kwa kawaida namba kubwa ni waya mwembamba zaidi.

Kama uso wake ni wa kugonga, tazama kama umenyooka, umebinuka, una mistari au una kikombe. Kikombe kidogo hutengeneza kichwa cha ribiti. Uso uliobinuka hutanua metali. Nyundo nyembamba yenye uso mmoja uliopasuliwa katikati, ijaribu kwa msumari mdogo: ukinata wenyewe, ni nyundo ya fundi wa makochi. Uso ule wa sumaku hushika msumari ili mkono mwingine ubaki ukivuta kitambaa.

Kama ina magurudumu yenye meno madogo, iviringishe kwenye udongo. Alama itakuonyesha kama ilipanga nafasi za mishono kwenye ngozi, ilitoboa karatasi, au ilichora urembo.

## Hatua ya 6: Soma uchakavu

Weka tochi karibu kulala juu ya meza ili mwanga uje kwa ubavu. Mikwaruzo itasimama.

Mikwaruzo inayofuata urefu wa zana inaonyesha kusukuma na kuvuta. Inayozunguka inaonyesha kuchimba au kusokota. Vidoa vidogo vilivyotawanyika bila mpangilio vinaonyesha kugonga. Tundu lililolika upande mmoja likawa na umbo la yai lilibeba kamba au mnyororo, na upande uliolika ndio uliovutwa.

Kichwa kilichofumuka pembeni kama uyoga kilipigwa kwa nyundo ya chuma, mara nyingi sana. Kichwa cha mbao kilichochakaa sawasawa bila kupasuka kilipigwa kwa nyundo ya mti.

Mpini nao una habari. Mahali palipong'aa kwa jasho na msuguano ndipo mkono ulipokaa, na mara nyingi si pale ambapo wewe umeshika. Mng'ao ukiwa sehemu mbili, mikono ilikuwa miwili, hata kama zana inaonekana ya mmoja.

Kinachoharibu hatua hii ni matumizi ya pili. Patasi nyingi zimemaliza maisha zikifungua makopo ya rangi, na tupa nyingi zimegeuzwa visu. Ukiona mistari midogo ya tupa imebaki karibu na mpini wa kisu, unashika kitu chenye maisha mawili. Tenganisha kwa rangi: uchakavu wa zamani una rangi ile ile ya uso mzima na kingo zake ni laini, mkwaruzo mpya unang'aa na kingo zake zinakata. Jenga jibu lako juu ya uchakavu wa zamani tu.

## Hatua ya 7: Soma chapa

Sugua chaki kwenye eneo lenye alama, pangusa juu kwa kidole, na chaki itabaki kwenye mashimo ya herufi. Au weka karatasi nyembamba juu yake na uipake penseli ikiwa imelala. Fanya yote mawili. Mara nyingi moja huonyesha herufi ambazo nyingine imezimeza. Usichimbe herufi kwa sindano. Utaishia kuchora herufi unayoitamani.

Haya ndiyo yanayofaa kujua:

Namba ya hataza (haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa) ya Marekani. Namba 1,000,000 ilitolewa mwaka 1911, 2,000,000 mwaka 1935, na 3,000,000 mwaka 1961. Kwa hiyo namba yenye tarakimu sita ni ya 1911 au kabla ya hapo. Hii ndiyo chapa yenye thamani kuliko zote: ukiiandika kwenye hifadhi ya hataza mtandaoni unapata mchoro na maelezo ya mvumbuzi mwenyewe kuhusu kazi ya kila kipande. Kumbuka tu kwamba namba inatoa mwaka wa hataza. Zana yenyewe inaweza kuwa ilitengenezwa miaka mingi baadaye.

Tarehe ya hataza bila namba, kwa mfano PAT. MAR 21 1876. Tangu katikati ya karne ya 19 Marekani imekuwa ikitoa hataza siku za Jumanne. Tarehe hiyo ilikuwa Jumanne. Kama ulisoma 24, hiyo ilikuwa Ijumaa, na maana yake tarakimu moja umeikosea. Kalenda itakusahihisha bila malipo.

Jina la nchi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa za kigeni zinazoingia huko kuandikwa nchi zilikotoka, kuanzia 1891. Jina la nchi kwa Kiingereza huelekea kuonyesha zana ya baada ya hapo. Kukosekana kwake hakuthibitishi kitu.

D.R.P. na D.R.G.M. ni za Ujerumani: ya kwanza ni hataza, ya pili ni usajili mdogo wa umbo la matumizi ulioanza 1891. S.G.D.G. ni ya Ufaransa, na inasema serikali haidhamini ubora wa uvumbuzi. Rd. No. ni usajili wa umbo wa Uingereza, namba zilizoanza 1884.

Mshale mfupi wa mistari mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa na mwaka kando, fikiria kwanza zana za jeshi, meli, reli na simu.

CAST STEEL huwapoteza wengi. Ni chuma cha pua cha hali ya juu kilichoyeyushwa kwenye vyungu, wala hakihusiani na chuma cha kumimina kinachopasuka. Chapa hiyo mara nyingi iliwekwa kwenye zana za kukata, kwa hiyo tafuta makali hata kama yamelika.

Jina la mji nalo husaidia. Sheffield, Solingen, Remscheid na Eskilstuna ni miji ya wafua vyuma. Inakuambia ubora na asili, lakini haikuambii kazi.

## Hatua ya 8: Andika kisio, kisha lishtaki

Chora zana kwenye daftari. Weka namba kwenye kila sehemu: kila ukingo, tundu, pengo, mfuo, uvimbe. Mbele ya kila namba andika inafanya nini kwa mujibu wa kisio lako.

Chukua mfano. Una kifimbo cha chuma cha sentimita 13 hivi. Kwenye ncha kuna kigurudumu kidogo sana. Nyuma yake, ubavuni, kuna mapengo matatu yenye upana tofauti. Kitako kina kidonge cha mviringo.

Anayetazama mapengo husema ni spana ndogo. Basi kigurudumu kinafanya nini? Anayetazama kigurudumu husema ni cha kuchora alama kwenye kitambaa. Basi mapengo ni ya nini, na mbona kigurudumu kina makali? Sema ni kikata kioo, na kila kitu kinakaa mahali pake. Kigurudumu hukwaruza mstari. Kidonge hugonga kioo kwa chini, ufa ufuate mstari. Na pale kipande cha kukatwa kikiwa chembamba mno kushikwa kwa vidole, ukingo wake huingizwa kwenye pengo linalolingana na unene wa kioo, ukamegwa.

Kisio likieleza sehemu nne kati ya tano, usijipongeze. Ile ya tano ndiyo iliyobeba jibu, na mara nyingi ndiyo iliyofanya zana ionekane ya ajabu tangu mwanzo.

## Hatua ya 9: Jaribu bila kuharibu

Vaa miwani. Anza na udongo: kandamiza ncha, iburute, izungushe, ukizingatia kisio lako. Alama inayoachwa kwenye udongo mara nyingi hutambulika kuliko ncha iliyoitengeneza.

Kisha jaribu karatasi, ngozi chakavu, mbao laini. Taya zijaribu kwa vitu vyenye unene uliopima kwenye hatua ya 2.

Usipige zana ya zamani kwa nyundo ya chuma. Kichwa kilichofumuka hurusha vipande vyenye kasi ya kutosha kupofua, na chuma kigumu kikigongana na chuma kigumu matokeo ni yale yale. Usilazimishe maungio yaliyoganda. Tone la mafuta mepesi na kusubiri usiku kucha hufanya kazi kuliko misuli.

Umefaulu pale mkono unapotulia wenyewe: kidole kimekaa pale penye mng'ao, ncha imekutana na kazi kwa pembe inayofaa, na mkono wako haukuzuii kuona unachofanya. Ukilazimika kukunja kifundo cha mkono ili ifanye kazi, umeishika kinyume au kisio ni baya.

## Hatua ya 10: Sasa tafuta jina

Tafuta kwa tendo na kitu kilichotendewa: "kumega kioo", "kutanua bomba la risasi", "kupinda meno ya msumeno". Maneno kama "koleo la ajabu la zamani" yatakurudishia makoleo elfu. Jaribu pia lugha ya nchi iliyo kwenye chapa. Katalogi za zamani za wauza zana, ambazo nyingi zimehifadhiwa mtandaoni kwa picha, ni bora kuliko utafutaji wa picha kwa simu, kwa kuwa huzipanga zana kwa ufundi: ukishajua ufundi, unapekua kurasa chache tu.

Ukienda kumuuliza fundi, mpe vipimo, uzito, picha na orodha ya sehemu. Kisio lako lifiche kwanza. Ukisema "nadhani ni ya viatu", ataanza kuitafutia nafasi kwenye viatu. Muulize afanye ishara ya matumizi kwa mikono yake; mafundi wengi hukumbuka tendo hata wakiwa wamesahau jina.

Kama utafutaji hauzai kitu, rudi kwenye chuma chenyewe. Mafundi wamejitengenezea zana siku zote, kwa tupa zilizokwisha na springi za magari. Zana ya namna hiyo haina chapa, pande zake hazilingani, haina pacha katika katalogi yoyote, na jina lake alilijua aliyeifua. Andika kazi yake kwenye kibandiko, taja sehemu zilizokuthibitishia, ukifunge kwa uzi kwenye mpini.

Hapo ndipo unaporuhusiwa kuisafisha: mswaki, kitambaa, mafuta mepesi. Mashine ya kusaga na msasa viendelee kukaa mbali na ncha na chapa. Chembeu hainolewi, na mng'ao wa mkono kwenye mpini haupakwi vanishi.